Zea: Mjumbe aliyeikopea nchi isiyotambuliwa

*Mwaka 1822 Francisco Antonio Zea alikopa pauni milioni 2 kwa jina la Kolombia. Serikali iliyomtuma ikamkana, kisha ikalipokea deni lake. Hadi leo wanahistoria hawajakubaliana kama alikuwa mfujaji au mjumbe aliyebebeshwa mzigo usiobebeka.*

LONDON, Julai 1822. Wafanyabiashara wakubwa wa mji walikusanyika katika ukumbi wa City of London Tavern kumfanyia karamu mgeni kutoka Amerika Kusini. Aliyeongoza hafla alikuwa Duke wa Somerset. Mgeni mwenyewe alikuwa mtu wa miaka 55, mwanasayansi wa mimea aliyegeuka mwanasiasa, na afya yake ilikuwa tayari imeanza kumsaliti.

Aliitwa Francisco Antonio Zea, mjumbe wa Jamhuri ya Kolombia. Serikali ya Uingereza ilikuwa bado haijaitambua nchi hiyo. Kwa sheria za kidiplomasia za wakati huo, Zea hakuwa balozi wa mtu yeyote. Lakini waliokuwa mezani walikuwa na sababu nzito ya kumkirimu: wengi walikuwa wanaidai nchi yake, au walikuwa wameshika karatasi zake.

Miezi minne kabla ya hapo, Machi 13, akiwa Paris, Zea alikuwa ametia saini mkataba wa mkopo wa pauni milioni 2 na kampuni ya Herring, Graham na Powles. Huo ndio mkopo mkubwa wa kwanza wa kigeni wa Kolombia. Karamu ikiendelea London, upande wa pili wa bahari, Bogotá, wakubwa wake walikuwa wamekwisha kumchoka. Mwaka huohuo walimvua mamlaka na kutangaza kwamba hapakuwa na mtu aliyeruhusiwa kukopa kwa jina la jamhuri.

Barua kati ya Bogotá na London ilichukua miezi. Katika pengo hilo la miezi ndimo yalimozaliwa mengi ya mambo yaliyoliharibu jina la Zea.

Kutoka maabara hadi gerezani

Zea alizaliwa Medellín mwaka 1766, enzi ambazo eneo lote hilo lilikuwa koloni la Uhispania. Alisoma Popayán, kisha Santafé, mji ambao leo ni Bogotá. Mwaka 1791 aliingia katika Msafara wa Kifalme wa Mimea chini ya José Celestino Mutis, kazi ya kukusanya, kukausha na kuchora mimea ya milima ya Andes. Vijana wengi waliokuja kuongoza mapinduzi walipitia mikononi mwa mzee huyo.

Mwaka 1794 utawala wa kikoloni ulimkamata pamoja na wenzake wa kundi la Antonio Nariño, mtu aliyethubutu kuchapisha kwa Kihispania Tamko la Haki za Binadamu la Wafaransa. Zea alisafirishwa hadi Cádiz akiwa mfungwa, na alikaa huko mpaka alipoachiwa mwaka 1799.

Hakurudishwa kwao. Alikwenda Paris kuendelea na sayansi, na mwaka 1804 akawa mkurugenzi wa Bustani ya Kifalme ya Mimea mjini Madrid. Mfungwa wa mfalme akawa mtumishi wa mfalme, na bila shaka mtumishi hodari.

Kisha Napoleon akaivamia Uhispania. Mwaka 1808 Zea alihudhuria mkutano wa Bayonne ulioitishwa na Wafaransa, akiketi kama mwakilishi wa Guatemala, na baadaye akatumikia serikali ya Joseph Bonaparte hadi kuwa mkuu wa eneo la Málaga. Wafaransa waliposhindwa, naye hakuwa na pa kukaa. Mwaka 1816 alikuwa Les Cayes, Haiti, pamoja na Simón Bolívar, kiongozi wa vita vya uhuru, na wapiganaji wenzake waliokimbilia huko, wakati Rais Alexandre Pétion alipowapa wakimbizi hao silaha na risasi kwa sharti moja: wakishinda, wawaachie huru watumwa.

Maadui zake walikuja kuutumia wasifu huo dhidi yake. Mtu aliyewatumikia Wahispania, akawatumikia Wafaransa, walisema, ataitumikiaje jamhuri? Hoja hiyo ina sauti kubwa kuliko uzito. Karibu kila kiongozi wa kizazi hicho aliwahi kula kiapo kwa mfalme.

Bunge la kando ya mto

Angostura, ambayo leo inaitwa Ciudad Bolívar, ni mji wa kando ya mto Orinoco, mahali mto unapobanwa na kuwa mwembamba. Mwaka 1819 huo ndio ulikuwa mji mkuu wa wapiganaji. Zea alikuwa mhariri wa kwanza wa gazeti la *Correo del Orinoco* lililoanzishwa hapo, toleo lake la kwanza likitoka Juni 27, 1818, na mchapishaji wake alikuwa Mwingereza, Andrew Roderick. Gazeti hilo lilipelekwa mbali na kusomwa nje ya nchi, na hilo ndilo lililokuwa lengo lake: kuuonyesha ulimwengu kwamba msituni kuna serikali, wala si genge.

Februari 15, 1819, Bunge lilifunguliwa likiwa na wajumbe 26. Bolívar alikabidhi madaraka, Zea akachaguliwa kuliongoza, kisha akawa Makamu wa Rais. Bolívar alipoondoka kuivuka Andes na jeshi lake, Zea ndiye aliyebaki akitawala nchi ambayo sehemu kubwa ilikuwa bado mikononi mwa adui.

Hakuidhibiti. Septemba mwaka huo majenerali waliobaki nyuma walimlazimisha ajiuzulu, na Jenerali Arismendi akashika nafasi yake. Bolívar alirudi Desemba akiwa na habari ya ushindi wa Boyacá, akamrejesha. Desemba 17 Bunge likapitisha sheria ya kuziunganisha Venezuela na Nueva Granada (Kolombia ya leo), na Quito kwa maandishi tu kwa kuwa ilikuwa bado chini ya Wahispania, kuwa nchi moja: Kolombia.

Siku chache baadaye Bolívar alimpa Zea kazi mpya. Aende Ulaya, atafute kutambuliwa, na akope kati ya pauni milioni 2 na milioni 5.

> Zea alitumwa Ulaya kukopa mamilioni kwa jina la nchi iliyokuwa haijatimiza hata mwezi mmoja.

Bunduki za Waterloo

Ili kuelewa alichokikuta London, lazima turudi nyuma kidogo. Vita vya Napoleon vilipokwisha mwaka 1815, Uingereza ilijaa askari wasio na kazi, na maghala yalijaa bunduki, sare na baruti zisizo na mnunuzi. Mwakilishi wa Venezuela mjini London, Luis López Méndez, ambaye alifika mwaka 1810 akiwa na Bolívar na Andrés Bello na akabaki huko, aliona nafasi. Kuanzia mwaka 1817 alianza kuandikisha watu na kuchukua vifaa kwa mkopo.

Zaidi ya watu 5,000, Waingereza na Waayalandi wengi wao, walipanda meli kwenda kupigana. Wengi walikufa kwa homa kabla hata ya kusikia mlio wa risasi. Waliosalia walipigana Boyacá mwaka 1819, na mwaka 1821 huko Carabobo kikosi cha Waingereza kilipoteza kamanda wake kikishikilia mstari usivunjike. Ni vigumu kuamini kwamba uhuru ungepatikana kwa kasi ileile bila bunduki hizo.

Lakini bunduki hizo hazikuwa zimelipiwa. López Méndez alisaini ahadi juu ya ahadi, na zilipofika siku zake hakuwa na fedha. Wadai walimpeleka mahakamani, na akalala katika magereza ya London yaliyotengwa kwa wadaiwa. Mwakilishi wa taifa akiwa kizuizini kwa sababu ya bili za sare: hiyo ndiyo sura ya Kolombia iliyomkaribisha Zea alipofika London Juni 1820.

Saini ya Agosti

Hapa ndipo, kwa maoni yangu, ilipo hatia nzito zaidi ya Zea. Waandishi wengi wanaomlaumu huanzia kwenye ule mkopo wa milioni 2. Saini iliyoharibu kila kitu ilitangulia, Agosti 1, 1820.

Siku hiyo alikubaliana na wadai kwamba Kolombia inadaiwa pauni 547,783. Aliwapa hati za deni zenye riba ya asilimia 10 ikilipwa London. Hakuwa na nyaraka za kutosha kutoka nyumbani kuthibitisha kipi kilifika, kipi hakikufika, na kwa bei gani. Wauzaji wale walikuwa wamepandisha bei makusudi kwa kuwa walijua wanamkopesha mwasi ambaye huenda akanyongwa kabla ya kulipa. Bei ya hatari ilikuwa tayari imo ndani ya bili. Zea akaikubali bili yote, kisha akaiongezea riba.

Alikuwa na hoja yake. Aliamini kwamba mgeni masikini anayebishana kuhusu kila kitufe cha sare hakopeshwi tena, ila anayesema "nitalipa yote" hufunguliwa milango. Kwa muda alikuwa sahihi. Karatasi ambazo zilikuwa hazina thamani zikaanza kununuliwa, na jina la Kolombia likatajwa sokoni pamoja na majina ya mataifa yanayolipa.

Ila riba hailipwi kwa heshima. Ilipofika tarehe ya malipo hakuwa na fedha, na serikali yake haikumtumia hata senti. Akakopa ili alipe riba. Kuanzia hapo mkopo mkubwa wa mwaka 1822 ulikuwa ni suala la muda tu.

> Bei ya hatari ilikuwa tayari imo ndani ya bili. Zea akaikubali bili yote, kisha akaiongezea riba.

Mia kwenye karatasi, themanini mkononi

Tuufungue mkataba wa Paris. Kolombia ilitoa hatifungani za pauni milioni 2 zenye riba ya asilimia 6 kwa mwaka. Kampuni ya London ilizichukua kwa 80, yaani kwa kila pauni 100 ambazo Kolombia iliahidi kulipa, ilihesabiwa pauni 80. Kampuni nayo ikaziuza kwa umma kwa 84.

Asilimia 6 ya 100 ukiwa umepata 80 ni sawa na asilimia 7.5. Kila mwaka nchi ilipaswa kutoa pauni 120,000 za riba pekee. Na katika hizo 80, sehemu kubwa haikuvuka bahari. Ilikwenda kuzinunua zile hati za Agosti 1820 kutoka kwa wadai walewale. Aliyeuza bunduki kwa bei ya juu mwaka 1818 alilipwa mwaka 1822 kwa fedha za Mwingereza mwingine, na deni likabaki kwa Mkolombia.

Kwa nini Mwingereza huyo mwingine alinunua? Kwa sababu mwaka 1822 serikali ya Uingereza ilipunguza riba ya hatifungani zake kutoka asilimia 5 hadi 4. Wajane, maofisa wastaafu na makasisi waliokuwa wakiishi kwa riba waliona kipato chao kinapungua. Ndipo Kolombia ikaja, na nyuma yake Chile na Peru, zikiahidi asilimia 6 na punguzo juu yake.

Na soko halikuwa likiuliza maswali. Oktoba mwaka huohuo Mskoti Gregor MacGregor, aliyewahi kuwa jenerali katika jeshi la Venezuela, aliuza hatifungani za pauni 200,000 za nchi aliyoiita Poyais. Nchi hiyo haikuwapo. Watu wapatao 250 walisafiri kwenda kuhamia huko, wakashushwa kwenye ufukwe mtupu wa Amerika ya Kati, na wengi wao wakafa. Katika soko lililoweza kuinunua Poyais, si ajabu kwamba Zea naye alipata wanunuzi.

Waliomlaani

Bogotá walikuwa na mashitaka matatu. La kwanza ni la kisheria: mwaka 1821 Bunge la Cúcuta liliipa nchi katiba mpya, na serikali ikashikilia kwamba mamlaka aliyopewa Zea Angostura hayakumruhusu tena kuifunga nchi kwa mkopo kama ule. La pili ni hesabu: Zea hakuleta mahesabu kamili ya fedha zilikokwenda, na alifariki bila kuyaleta. La tatu liliumiza zaidi, kwa sababu lilihusu uhuru wenyewe.

Oktoba 1820 Zea alimpelekea balozi wa Uhispania mjini London, Duke wa Frías, mpango wa maridhiano: Uhispania iutambue uhuru wa mataifa ya Amerika, nayo yabaki pamoja nayo katika shirikisho moja. Watu walikuwa bado wanakufa vitani. Mpango ulikuwa wake mwenyewe, si wa serikali yake, na Madrid iliukataa. Aliposikia Bolívar alikasirika, na barua zake kwa Makamu wa Rais Santander kuhusu wajumbe wa London zina maneno makali.

Hasira hiyo naielewa. Mjumbe hana ruhusa ya kuuza kitu ambacho hakupewa akiuze.

Waliomtetea

Upande wa pili nao una ushahidi. Aprili 8, 1822, Zea aliziandikia serikali za Ulaya waraka kutoka Paris akisema wazi kwamba Kolombia itafanya biashara na wanaoitambua, na wasioitambua bandari zake zitafungwa kwao. Ulikuwa ujasiri mkubwa kwa mtu aliyeishi kwa fedha za kukopa. Lakini wafanyabiashara wa London, ambao sasa walikuwa na fedha zao ndani ya Kolombia, waliusoma kwa makini kuliko mawaziri, na wakaanza kuibana serikali yao.

Kabla mwaka 1822 haujafika nusu, London ilibadili sheria zake za usafiri wa majini ili meli zenye bendera za mataifa mapya ya Amerika Kusini ziruhusiwe kuingia bandari zake. Haikuwa utambuzi, lakini ilikuwa hatua kuuelekea. Mwishoni mwa 1824 serikali ya Uingereza, George Canning akiwa Waziri wake wa Mambo ya Nje, iliamua kuitambua Kolombia, na mkataba wa biashara ukasainiwa Bogotá Aprili 1825.

Watetezi wa Zea wanasema utambuzi huo ulinunuliwa. Mwenye hatifungani mkononi huipigania nchi iliyozitoa, kwa kuwa ikifa naye anapoteza. Nadhani wana haki katika hilo. Zea aliwageuza maelfu ya Waingereza wa kawaida kuwa na maslahi katika uhai wa jamhuri ya mbali, kazi ambayo hakuna waraka wa kidiplomasia ambao ungeiweza peke yake.

Deni lililorithiwa

Zea hakuishi kuyaona hayo. Alikwenda Bath, mji wa Kiingereza unaojulikana kwa maji yake ya tiba, na akafia huko Novemba 28, 1822. Habari za Bogotá kumkana zilikuwa zimefika London, na bei ya hatifungani za Kolombia ikaanguka.

Aliyetumwa kuchukua nafasi yake, José Rafael Revenga, mtu mwangalifu na adui mkubwa wa mikataba ya kiholela, alikamatwa London mwaka 1823 kwa deni la vifaa ambavyo López Méndez alikuwa amevichukua kwa muuzaji aitwaye Mackintosh. Kama kulikuwa na hoja ya kumtetea Zea, ilikuwa ni hiyo: hata mwangalifu kuliko wote hakuepuka jela. Mjumbe wa nchi isiyotambuliwa hakuwa na kinga yoyote dhidi ya wadai.

Bogotá nayo ikalegeza msimamo. Mwaka 1824 ilikopa tena London, safari hii pauni milioni 4.75 kupitia kampuni ya Goldschmidt, na ikaukubali mkopo wa Zea ambao miaka miwili nyuma ilikuwa imeukana. Februari 1826 Goldschmidt ikafilisika, fedha za Kolombia zikiwa zimebaki ndani yake. Mwaka huohuo Kolombia ikashindwa kulipa riba.

Jamhuri yenyewe ilivunjika mwaka 1830. Desemba 23, 1834, wawakilishi wa Nueva Granada na Venezuela waliketi Bogotá kugawana madeni: Nueva Granada asilimia 50, Venezuela 28.5, na Ekuador 21.5. Ekuador haikuwamo chumbani. Ililetewa hesabu yake ikaikubali miaka mitatu baadaye.

Tazama tarehe. Zea alisaini Paris Machi 13, 1822. Quito ilikombolewa kutoka kwa Wahispania katika vita vya Pichincha Mei 24, 1822, na siku chache baadaye ikajiunga na Kolombia. Guayaquil ilifuata Julai. Mkopo wa kwanza kati ya ile waliyogawiwa Waekuador ulisainiwa kabla miji yao hiyo miwili haijaingia katika nchi iliyokopa.

Mwaka 1857 Ekuador, ikiwa haina fedha, iliwapa wadai wa London ardhi badala ya malipo. Sehemu ya ardhi hiyo, upande wa mashariki wa Andes, Peru ilidai ni yake. Mwishoni mwa 1858 meli za kivita za Peru ziliifunga bandari ya Guayaquil, na mwaka uliofuata majeshi yake yakashuka nchi kavu, katika mgogoro ambao mzizi wake mmojawapo ulikuwa bili za bunduki zilizosainiwa London miaka 40 kabla.